Pesa ya likizo: ukilipa mapema, umeikopesha kampuni

Shule zinakaribia kufungwa, na matangazo yameanza kumiminika kwenye simu za wazazi. "Zanzibar siku 3, usiku 2. Boti, hoteli, kifungua kinywa na safari ya Kisiwa cha Changuu vyote vimo. Lipa kidogo kidogo." Juu kuna picha ya watoto wanaruka majini, chini kuna namba ya kutumia pesa.

Hakuna ubaya. Watoto wamesoma mwaka mzima, na mzazi naye anahitaji kupumzika. Kulipa kidogo kidogo kumeziwezesha familia nyingi kufika mahali ambapo zisingefika kwa mshahara wa mwezi mmoja.

Lakini kuna swali moja ambalo tangazo halilijibu: kampuni ikifa kati ya siku unayolipa na siku unayosafiri, pesa yako itakuwa wapi?

Nasema "ikifa", sisemi "ikikutapeli". Kuhusu matapeli tumeshaonywa sana. Hapa nazungumzia kampuni halali, yenye ofisi na leseni, iliyompeleka jirani yako mwaka jana akarudi anaisifu. Nayo inaweza kufilisika, na ikifilisika mwaminifu na tapeli wanakuacha mahali pamoja: nje ya mlango uliofungwa, na risiti mkononi.

Mkopo usio na dhamana

Ukinunua mkate, unatoa pesa na kuondoka na mkate. Likizo haiuzwi hivyo. Unalipa Agosti, unasafiri Desemba. Katika miezi hiyo minne huna boti, huna chumba, una ahadi tu. Ukweli ni kwamba umeikopesha kampuni pesa, bila riba na bila dhamana.

Tuseme familia ya baba, mama na watoto watatu. Mtu mzima Sh350,000, mtoto Sh200,000. Jumla ni Sh1,300,000. Kampuni ikipata familia 100 za namna hiyo, kufikia Oktoba imekusanya Sh130 milioni za safari ambazo bado hazijafanyika.

Pesa hizo zinakaa wapi? Kwa kampuni nyingi zinaingia kwenye akaunti ileile inayolipa kodi ya pango, mishahara, matangazo na madeni ya hoteli za msimu uliopita. Biashara ikienda vizuri, wateja wa Januari watagharamia safari yako ya Desemba, na wewe hutajua kitu. Mauzo yakishuka, mzunguko unakatika, na anayeumia ni yule ambaye zamu yake ya kusafiri ilikuwa haijafika.

Kisha kuna foleni ya wanaodai. Kampuni inapofilisika, benki yenye dhamana huchukua dhamana yake. Gharama za mfilisi, mishahara ya wafanyakazi na kodi za serikali huwa mbele. Mteja aliyelipia likizo anasimama mwisho, na mara nyingi akifika dirishani hakuna kilichobaki.

Hata jina kubwa huanguka

Ukitaka kuona kwamba umri na ukubwa si kinga, tazama kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza. Ilianza mwaka 1841, mwanzilishi wake alipowapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja ya wakati huo. Ilikua ikawa na maduka, hoteli na ndege zake. Babu alisafiri nayo, baba akasafiri nayo, mjukuu naye akafuata.

Alfajiri ya Septemba 23, 2019 ikafungwa. Ilikuwa na umri wa miaka 178 na madeni ya pauni bilioni 1.7. Watu wapatao 600,000 walikuwa likizoni kupitia kampuni hiyo, wakiwemo Waingereza wapatao 150,000. Siku chache kabla, maduka yake yalikuwa bado yanauza safari.

Mwishoni mwa wiki iliyotangulia kufungwa huko, hoteli moja mjini Hammamet, Tunisia, iliwazuia baadhi ya wageni kutoka getini, ikitaka walipie vyumba walivyokwisha kuvilipia nyumbani. Wageni walilipa kweli, ila pesa haikuwa imefika hotelini. Katika biashara hii hoteli nyingi hulipwa wiki kadhaa baada ya mgeni kuondoka, kwa hiyo zilikuwa zinaidai kampuni, na mtu wa karibu wa kumshika alikuwa mgeni na masanduku yake.

Pamoja na hayo, Waingereza wengi walirudishwa kwao bila kulipa tena. Mamlaka yao ya usafiri wa anga ilikodi ndege ikawabeba kwa wiki mbili. Waliokuwa wamelipia likizo kamili ambazo hazijaanza walirudishiwa pesa zao. Waliokuwa wamenunua tiketi ya ndege peke yake, wengi walilazimika kuhangaika na benki na bima.

Tofauti hiyo inatokana na utaratibu unaoitwa ATOL. Anayeuza likizo yenye ndege ndani yake lazima awe na leseni hiyo, na kwa kila msafiri anachangia pauni 2.50 kwenye mfuko wa pamoja. Kampuni ikifa, mfuko unalipa.

Waingereza hawakuufikia utaratibu huo kwa hekima tu, waliufikia kwa maumivu. Mwaka 1974 kulikuwa na kampuni ya Court Line, iliyokuwa na meli, viwanda vya kuunda meli, ndege na kampuni za likizo. Mwezi Juni ilipoyumba, serikali ilisema itachukua viwanda vya meli, na waziri Tony Benn akaliambia Bunge kuwa hatua hiyo ingelinda likizo za msimu ule. Watu wakatulia. Agosti 15, wiki saba baadaye, kampuni ikaanguka, na makumi ya maelfu ya watu wakakwama ng'ambo. Mwaka uliofuata Bunge likatunga sheria ya mfuko wa akiba. Neno la waziri halikuwarudishia watu pesa. Mfuko ndio uliofanya hivyo.

Na sisi je?

Tusidhani haya ni ya Ulaya peke yake. Desemba 2018, familia zikiwa zimeshakata tiketi za sikukuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) iliipa Fastjet Tanzania notisi ya siku 28 ya kusudio la kuifutia leseni, ikitaja madeni miongoni mwa sababu. Safari zikakatika. Mtu aliyepanga kula Krismasi na wazazi wake Mwanza akajikuta anatafuta basi katika wiki ambayo mabasi yamejaa.

Tanzania Bara tunayo Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kupokea malalamiko ya walaji. Zanzibar ina tume yake, na ina Kamisheni ya Utalii inayotoa leseni kwa wanaotembeza wageni. Kenya ina Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012. Vyombo hivi vina kazi yake, hasa pale kampuni ilipodanganya. Lakini kampuni isiyo na kitu haina cha kukulipa hata ukishinda kesi. Kwa hiyo, unapolipia safari ya Zanzibar au Bagamoyo, usihesabu kwamba kuna mfuko mahali fulani unakusubiri. Kinga yako ni namna unavyolipa.

Mambo ya kufanya kabla hujatuma pesa

Kwanza, uliza swali lenyewe bila haya: "Pesa yangu mtaitumia lini kulipia hoteli na boti?" Kampuni yenye mpangilio itakupa tarehe. Ukijibiwa "usijali dada, sisi tupo miaka mingi", bado hujajibiwa. Thomas Cook nao walikuwepo miaka mingi.

Pili, toa kianzio kidogo, kubwa libakie hadi karibu na safari. Jihadhari na punguzo nono la "lipa yote leo". Wakati mwingine ni ofa ya kweli, na wakati mwingine ni kampuni inayotafuta pesa ya kulipa deni la kesho asubuhi. Kama punguzo ni Sh100,000, jiulize kama uko tayari kuhatarisha Sh1,300,000 kwa ajili yake.

Tatu, gawanya malipo inapowezekana. Tiketi za boti unaweza kukata mwenyewe kwa kampuni ya boti. Hoteli nayo nyingi zinapokea malipo moja kwa moja. Ukimwachia wakala kazi ya kupokea wageni na kuwatembeza tu, akianguka umepoteza sehemu, hujapoteza safari.

Nne, piga simu hotelini mwenyewe. Tafuta namba ya hoteli kwa njia yako, si ile uliyopewa na wakala. Uliza mambo mawili: "Je, kuna chumba kwa jina langu tarehe hizi? Na kimelipiwa?" Chumba kilichoshikwa bila kulipiwa kinaweza kuuzwa kwa mwingine. Simu hiyo ya dakika tatu ingewaonyesha watu wengi hatari mapema.

Tano, lipa kwa jina la kampuni. Ukilipa kwa Lipa Namba au akaunti ya benki, jina linalotokea lifanane na lililo kwenye leseni na usajili wa BRELA. Ukiambiwa utume kwa namba binafsi ya "mhasibu wetu", simama hapo. Na ujue kuwa huduma ya kurudisha muamala wa simu ni kwa pesa iliyokwenda namba isiyo sahihi. Haikusaidii ukiwa ulituma kwa uliyemkusudia naye akashindwa kazi. Aliyelipa kwa kadi ya benki ana nafasi kidogo zaidi, kwa sababu anaweza kuiomba benki yake ifungue madai.

Sita, weka kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari. Hifadhi tangazo lenyewe, risiti, ujumbe wa muamala na mazungumzo ya WhatsApp, tena nje ya simu hiyo moja, maana simu huibiwa.

Saba, hakikisha kila mtoto ana jina lake kwenye tiketi ya boti, hata mchanga. Na kwa boti ndogo za kwenda visiwani, uliza kabla ya kulipa kama kuna jaketi za kujiokolea za saizi ya watoto. Kampuni iliyokaukiwa pesa huanza kubana pale ambapo mteja haoni kwenye picha: matengenezo, mafuta ya akiba, vifaa vya usalama. Tumeshazika ndugu wa kutosha, wa MV Spice Islander mwaka 2011 na wa MV Skagit mwaka 2012. Hapa hatujadili pesa tena.

Ziara za shule zifuate njia hiyohiyo. Mzazi analipa shule, shule inalipa wakala, na kila mmoja anadhani mwenzake amekagua. Kwenye kikao cha wazazi, mmoja ainue mkono aulize pesa inalipwa lini, kwa nani, na nani anairudisha safari isipofanyika. Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Dalili za kampuni inayozama

Tarehe ya safari inasogezwa mara ya pili bila sababu inayoeleweka. Namba ya malipo inabadilika ghafla. Ofisi inahamishwa bila wateja kuambiwa. Mfanyakazi uliyemzoea ameondoka na anayekujibu leo siye wa jana. Unaomba marejesho, unapewa vocha.

Kuhusu vocha tuelewane. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, kampuni nyingi duniani ziliwapa wateja vocha badala ya pesa, na nyingine zilifanya hivyo kwa nia njema. Lakini vocha ni mkopo uleule uliosogezwa mbele, na kampuni ikifa vocha inakufa nayo. Ukiwa na haki ya kurudishiwa pesa, omba pesa.

Ukiona dalili mbili au tatu, usitume awamu inayofuata kwa kuogopa kupoteza zilizotangulia. Hapo ndipo wazazi wengi huumia zaidi. Andika ujumbe wa adabu, omba uthibitisho wa hoteli na boti kwanza, na uweke tarehe ya mwisho ya kujibiwa.

Kama imeshafungwa, tafuteni wenzenu mliolipa na mwende kwa pamoja FCC au kwa mfilisi mkajiandikishe kama wadai. Anayekwenda peke yake huchoka haraka. Kukiwa na dalili kuwa walipokea pesa wakijua hawatasafirisha mtu, hilo ni la polisi.

Na watoto? Usiwatangazie safari siku ya kulipa kianzio. Waambie siku hoteli iliposema chumba kipo kwa jina lenu na kimelipiwa. Kabla ya hapo hamna safari bado, mna deni mnalomdai mtu.