Moyo wa Paka na Amana ya Mwenye Nyumba

Juma lililopita, baada ya swala ya Isha, kamati ya msikiti wetu hapa Tabora ilikaa kupitia hesabu za ukarabati wa birika la udhu. Tulipokaribia kufunga kikao, ndugu yetu mmoja alisimama akaomba ruhusa ya kuuliza. Paka wa watoto wake alikuwa akitweta mdomo wazi, na wala hakuwa amekimbia. Daktari wa mifugo alimsikiliza kifuani, akasema mapigo hayaendi sawa, akashauri apelekwe kupimwa moyo kwa ultrasaundi. Kipimo kiko mbali na gharama yake si haba. Je, kumgharimia paka namna hiyo si israfu?

Baadhi yetu tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Ndugu yule alieleza kuwa mwaka jana paka wao wa kwanza alianza usiku kuburuta miguu ya nyuma, miguu ikiwa baridi, akalia hadi alipokufa karibu na Alfajiri. Binti yake wa miaka tisa alimwuliza, "Baba, mbona hatukumpeleka?" Naye hakuwa na la kujibu.

Njia yetu ya kale, kutoka Bagamoyo kupitia Unyanyembe hadi Ujiji, imekula wanyama wengi. Mbung'o na maradhi mengine yaliwamaliza, na mizigo ikabaki mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1871, Henry Morton Stanley akiwa safarini kuja Unyanyembe, farasi wa kijivu aliyepewa na Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alimfia Kingaru. Alimpasua ili ajue kama ni mbung'o waliomuua, akakuta tumbo na utumbo vimejaa minyoo. Jawabu lilipatikana, ila farasi alikwisha kufa. Wengi wetu hadi leo tunawachunguza wanyama wetu kwa namna hiyo hiyo: baada ya kuwapoteza.

Tukirejea katika dini, Bukhari na Muslim wamepokea hadithi ya Mtume (S.A.W.) kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfungia, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Naye Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 660 Hijria, alipozihesabu haki za mnyama juu ya mwenyewe, alitaja kumhudumia hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Kwa hiyo kumtibu mnyama hakuwi israfu kwa sababu tu ni mnyama. Israfu ni kupita kiasi, na kiasi hutazamwa kwa uwezo wa mtu. Nafaka ya mke, watoto na wazazi hutangulia. Hatumshauri yeyote atoe ada ya mtoto kulipia kipimo cha paka. Asiyeweza lililo kubwa hajasamehewa lililo dogo.

Na lililo dogo lipo. Paka huficha maradhi yake, na ugonjwa wa moyo unaompata zaidi ni ule wa misuli ya moyo kuwa minene. Damu inaweza kuganda ndani ya moyo, kisha bonge lake likaziba mshipa uendao miguu ya nyuma. Huenda hilo ndilo lililomuua paka yule wa kwanza. Basi mwangalieni akiwa amelala, mkahesabu pumzi zake kwa dakika moja. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Paka mzima kwa kawaida hazidi 30. Akizidi mara kwa mara, mpelekeni kwa daktari wa mifugo amsikilize kifuani. Akitweta mdomo wazi, au miguu ya nyuma ikilegea na kuwa baridi, msingoje asubuhi. Wala msimpe dawa za binadamu: parasetamoli, hata kidogo, humuua paka.

Tulimjibu ndugu yetu kwamba safari ile haimlazimu ikiwa hana uwezo nayo, lakini kumwacha mnyama ateseke bila kufanya lolote si ruhusa. Alirudi kwa daktari, akapewa dawa ya kupunguza maji yaliyojaa mapafuni. Binti sasa huhesabu pumzi kila usiku na kuziandika katika daftari lake la hesabu. Juzi baba alikuja nalo msikitini akatuonyesha: 44, 41, 36, 33.

Umri wa kiumbe uko kwa Mola wake, na huenda paka huyo asimalize mwaka. Lakini binti akija kumwuliza tena baba yake, safari hii baba atakuwa na la kujibu. Nasi tuliocheka tumejifunza kutocheka kabla ya kusikiliza.

Wallahu a'lam.