Pampu ya bluu haizibi paa
Juzi ndani ya daladala, kati ya Ubungo na Kariakoo, dada niliyeketi naye alivuta pampu yake ya bluu ya pumu mara tatu. “Ya pili hii mwezi huu,” aliniambia, akiitikisa sikioni kusikiliza kama dawa imebaki. Nikamkumbuka marehemu shangazi, aliyelala na yake chini ya mto. Salbutamoli, dawa iliyo ndani ya pampu hiyo, hulegeza misuli ya njia za hewa kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani haiugusi. Kudeki hakuzibi paa linalovuja. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haushauri kuitegemea peke yake, na kumaliza pampu tatu kwa mwaka tayari ni dalili ya hatari. Ndugu yangu, anayemaliza pampu kila mwezi hatibu pumu. Anaificha, nayo inamvizia. Mwombe daktari dawa ya kutuliza uvimbe.