Dirisha lililogeuka uso

Angalia hii: 囧. Unaona nini?

Kama umeona mtu aliyemaliza kula chipsi kisha akakuta M-Pesa iko na bob 10, umeisoma kama kijana wa Beijing. Nyusi zimeinama, mdomo uko wazi. Inatamkwa karibu na "jiong", na kwa intaneti ya China inamaanisha kuaibika, kukwama, kukosa la kusema.

Lakini waliochora herufi hii walikuwa wanachora dirisha. Ni ya kale kwelikweli. Iko kwenye mifupa ya kubashiria ya enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Karibu mwaka wa 100, msomi Xu Shen aliiweka kwenye kamusi yake, Shuowen Jiezi, akaieleza kuwa dirisha linalopitisha mwanga. Maana yake ilikuwa mwangaza. Tamu, sivyo? Halafu watu wakaacha kuitumia, ikabaki kwenye makamusi karne baada ya karne kama vikombe vya wageni kwa kabati ya shosho.

Kufikia 2008, vijana wa Taiwan na China bara walikuwa wameifukua. Ebu ngoja, hii si ni sura yangu nikiona matokeo ya mtihani? Na kuna herufi nyingine, 窘, inayotamkwa vilevile, ambayo tangu zamani inamaanisha kubanwa na kuaibika. Mzaha ukapata mguu wa kusimamia.

Sasa kuna wale watakwambia vijana wameharibu lugha. Unawajua, hata Sheng huwanyima usingizi. Mimi naona wanakosea. Kabla ya mzaha, nani alikuwa na habari ya hilo dirisha? Wasomi wachache. Baadaye herufi hiyo ikaingia kwa jina la filamu ya Xu Zheng ya Desemba 2012, ile inayoitwa Lost in Thailand kwa Kiingereza, iliyouza tiketi za zaidi ya yuan bilioni 1.

Sawa, mwangaza umefunikwa. Ukiandikiwa 囧 leo, hakuna anayekusifu ati unang'aa, na hiyo inauma kidogo. Ila mtu akishacheka, siku moja atauliza imetoka wapi, na kamusi itamwonyesha dirisha. Herufi isiyoandikwa na yeyote, nani ataiulizia?

Na hawajaishia hapo. Kuna 槑, namna ya zamani ya kuandika mti wa plamu. Ikate katikati, unapata 呆 mbili, na 呆 ni bwege. Bwege mara mbili! Ukitumiwa hiyo, usishukuru ukidhani ni maua.