Fimbo ya Mbali Haiui Nyoka

Mkulima wa Songea anaifahamu vyema stakabadhi ya ghala. Karatasi hiyo yaonyesha jina lake na uzito wa ufuta wake; lakini ufuta wenyewe umo ghalani, wala hauchukui nafasi nyumbani kwake.

Hivyo ndivyo zifanyavyo programu za kuhifadhi mafaili mtandaoni, ambazo sasa zimo katika kompyuta nyingi za ofisi. Tangu mwaka 2017, OneDrive ya kampuni ya Microsoft imekuwa na utaratibu wa kuonyesha jina la faili tu, likiwa na alama ya wingu, ilhali maandishi yake yamo katika mitambo ya mbali. Faili hupakuliwa pale mtumishi anapolifungua.

Utaratibu huu tunausifu. Unaokoa nafasi ya diski na gharama ya bando. Kwetu sisi wenye vifaa haba, huo ni uwekevu wa kupongezwa.

Lakini, ndugu wasomaji, tusijidanganye. Stakabadhi haipikiki. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo faili lenye alama ya wingu huonekana, ila halifunguki. Je, mwananchi aliyefuata muhtasari wa mkutano wa kijiji kwa ajili ya mgogoro wa shamba lake, ajibiwe nini? Arudi kesho, kwa kuwa waya umekatika baharini?

Dawa ipo, tena haina gharama. Mtumishi huchagua faili la lazima na kuliamuru libaki daima katika kompyuta yake; wingu hugeuka tiki nyeupe ndani ya duara la kijani lililojaa. Duara lisilojaa si dhamana, maana faili hilo laweza kurudishwa mtandaoni ili kupunguza mzigo wa diski.

Kumbukumbu za wananchi ni amana. Hivyo kila ofisi ya kijiji na kata yenye kompyuta haina budi kuorodhesha mafaili ambayo mwananchi hawezi kungojeshwa, na kuyaweka karibu. Kazi hiyo haizidi nusu siku. Ianze wiki hii, wakati mtandao ungali mzima.