Wali wa Kushika Mkononi Unaifaa Likasi

Likasi, mji wa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Japani zimejuana kwa mawe. Kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini ndiko liliko shimo la Shinkolobwe, lililotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoteketeza Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Nippon Mining ilichimba shaba Musoshi, karibu na mpaka wa Zambia, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikafunga virago. Madini yalikwenda kwa wingi. Chakula cha Wajapani hakikupata nafasi katika jiko la mtaa wa Panda wala wa Kikula, na hiyo ni hasara, kwa sababu kipo kimoja kinachomfaa kabisa mtu anayetoka nyumbani alfajiri kwenda kazini.

Kinaitwa onigiri. Ni wali mweupe unaofinywa ungali moto kwa viganja vilivyoloweshwa maji na kupakwa chumvi, kitoweo kidogo kikiwa kimefichwa katikati. Wengine huupa umbo la pembetatu, wengine la mviringo au la pipa dogo, kisha huuzungushia nori, yaani mwani wa baharini uliokaushwa ukawa mwembamba kama karatasi. Hautiwi siki, hapo ndipo unapoachana na sushi. Mla bukari, yaani ugali, tayari anaijua kazi ya kufinya tonge, ila yeye huchovya tonge lake kwenye mboga, na hapa mboga inakaa ndani. Sahani haihitajiki, kijiko hakihitajiki, wala moto wa kupasha.

Chakula hiki ni cha zamani mno. Mwaka 1987, katika mkoa wa Ishikawa, wachimbuzi wa mambo ya kale walipata bonge la wali lililogeuka makaa, la miaka 2,000 hivi. Tangu enzi hizo wali huu umebebwa na wakulima, wasafiri na askari. Hata Hiroshima, baada ya bomu, wanawake wa miji ya jirani walipika na kufinya wali ili upelekwe kwa walionusurika. Tetemeko lilipobomoa Kobe tarehe 17 Januari 1995, watu wa kujitolea walilisha wenzao kwa matonge hayo hayo. Likasi ina haki ya kuujua upande huu wa Japani pia, si ule wa urani peke yake.

Sasa kitoweo. Cha asili kuliko vyote ni umeboshi, tunda dogo la jamii ya plamu lililokolezwa chumvi hadi likawa kali na chachu. Ukali huo husaidia wali usiharibike upesi. Kuna samaki aina ya salmoni wa chumvi aliyechomwa, kuna vipande vyembamba vya jodari mkavu vilivyochanganywa na sosi ya soya, kuna mayai ya samaki yenye pilipili yanayopendwa sana Fukuoka. Lakini kimojawapo cha vinavyopendwa zaidi leo, samaki wa mkebe aliyechanganywa na mayonezi, kilitoka katika maduka ya 7-Eleven miaka ya 1980. Na kule Okinawa watu huweka nyama ya nguruwe ya mkebe waliyoizoea kutoka kwa wanajeshi wa Marekani. Wajapani wenyewe hawakungoja ruhusa ya mababu ili kubadili kitoweo.

Kwa hiyo, kutafuta salmoni Likasi ni kupoteza fedha. Makayabu, samaki wa chumvi waliokaushwa, yapo. Yalowekwe usiku kucha kupunguza chumvi, yachemshwe, yachambuliwe miiba, yakaangwe kwa kitunguu na pilipili hadi yakauke: hicho ni kitoweo cha onigiri kwa mantiki ile ile ya samaki wa chumvi wa Kijapani. Kapenta waliokaangwa na nyanya mpaka mchuzi ukaisha wanafaa vilevile. Sombe, yaani majani ya muhogo, inataka uangalifu zaidi, maana ikibaki na maji wali unabomoka mkononi; ipikwe mpaka ibaki na mafuta tu. Nori si lazima. Onigiri nyingi huliwa bila hiyo.

Ugumu wa kweli uko kwenye mchele. Wa Kijapani una punje fupi zinazonata, na mwingi unaouzwa sokoni una punje ndefu zinazoachana. Dawa yake ni kuongeza maji kidogo, kufunika sufuria baada ya kuiva, na kufinya mara tu joto linapovumilika, ukipoa umekataa.

Kisha usafi, na hapa hakuna mzaha katika mkoa unaokijua kipindupindu. Mikono ioshwe kwa sabuni, maji ya kulowesha viganja yawe yamechemshwa, au tonge lifinywe ndani ya nailoni safi. Wali ulioachwa katika joto huotesha vijidudu vyenye sumu isiyoondoka hata ukiupasha tena. Kinachofinywa asubuhi kiliwe mchana, kisilazwe. Mama anayeuza vitumbua alfajiri anaweza kuanza na matonge machache ya makayabu kando ya beseni lake, kwa wateja wale wale wanaoelekea zamu ya asubuhi katika viwanda vya Shituru.