Kamera iliyoona wingu isiwaone watu

WAHENGA walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Wiki hii, msomaji, hebu tuitazame methali hiyo kupitia kwa lenzi ya kamera moja ya zamani. Yamkini hujawahi kuishika, lakini picha yake umeiona katika vitabu vya historia.

Kamera hiyo huitwa K-20. Ilitengenezwa Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia kwa ajili ya kupiga picha kutoka ndani ya ndege. Haikufungwa kwenye sakafu ya ndege kama kamera nyingine za kivita, bali mtu aliishika kwa mikono yake miwili. Hata hivyo, usidhani ilikuwa kitu cha kutia mfukoni. Uzito wake ulikuwa kama kilo 5, yaani paketi mbili za unga wa kilo mbili mbili, na nusu ya nyingine juu yake. Sasa fikiria kuinua mzigo huo kwenye dirisha la ndege inayotikisika, na baridi ya angani inakuuma vidole!

Kazi yake ilikuwa na utaratibu. Kwanza, mpiga picha hakuwa na haja ya kuirekebisha lenzi kulingana na umbali. Ilikuwa imekazwa daima kutazama mbali, kwani kwa aliye angani kila kitu kiko mbali.

Pili, shata lake lilikuwa na kasi tatu tu: sehemu moja ya 125 ya sekunde, moja ya 250 na moja ya 500. Kwa nini hapakuwa na kasi ndogo zaidi? Chukueni kalamu na karatasi, wanafunzi. Ndege inayokwenda kilomita 300 kwa saa husafiri mita 83 katika sekunde moja. Kwa kasi ile ya kwanza, shata likifunguka na kufunga, ndege imekwisha kusonga sentimita 67. Kwa kasi ya tatu, imesonga sentimita 17 tu. Shata la polepole lingeleta picha iliyopakazika kama wino uliomwagikiwa maji.

Tatu, kila picha ilikuwa na ukubwa wa inchi 4 kwa 5, na filamu pana namna hiyo hupenda kujikunja. Kwa hivyo mlikuwa na kifaa ndani ya kamera cha kufyonza hewa, ambacho kiliivuta filamu ikalala bapa. Baada ya kila picha, mpigaji aliendesha kishikio kwa mkono ili filamu isonge mbele.

Nne, na hili huwafaa hata wenye kamera za leo, mtu hakupaswa kuegemeza kamera wala viwiko vyake kwenye ukuta wa ndege. Injini hutetemesha ndege nzima. Mwili wa binadamu hupunguza mtetemo huo, lakini bati huupeleka moja kwa moja hadi kwenye lenzi.

Naam, sasa tufike Agosti 6, 1945. Ndege ya Marekani aina ya B-29, iliyopewa jina Enola Gay, iliondoka usiku katika kisiwa cha Tinian, bahari ya Pasifiki, ikiwa imebeba bomu la atomiki. Mkiani aliketi George Caron, mpiga bunduki, akitazama nyuma. Alikuwa amepewa K-20. Saa mbili na robo asubuhi, bomu lililipuka juu ya mji wa Hiroshima nchini Japani. Ndege ilikuwa imegeuka kukimbia, kwa hivyo aliyekuwa ameuelekea mji ni yule wa mkiani. Caron akainua kamera yake akapiga picha ya lile wingu lenye umbo la uyoga. Picha hiyo ilienea dunia nzima.

Lakini itazame vizuri. Humo mna moshi na anga. Watu wako wapi?

Turudi kwenye hesabu. Kutoka lenzi ya K-20 hadi filamu ni kama sentimita 16. Tuseme ndege iko kilomita 18 kutoka mjini. Kwa umbali huo, milimita moja ya filamu hubeba mita 112 za mji. Uwanja mzima wa kandanda, kutoka goli hadi goli, ungeingia ndani ya milimita moja! Hata kama wingu lisingekuwapo, mtoto anayekwenda shule asingeonekana kabisa. Kamera haikusema uongo. Ilisema tu kile ambacho mtu aliye mbali huweza kusema.

Siku hiyo hiyo palikuwa na kamera nyingine, hii ikiwa chini. Yoshito Matsushige, mpiga picha wa gazeti la Chugoku Shimbun, alinusurika nyumbani kwake, akachukua kamera yake akaelekea katikati ya mji. Kwenye daraja la Miyuki alikuta umati wa watu walioungua, wengi wao wanafunzi waliokuwa wametumwa kubomoa nyumba ili moto wa mabomu usisambae. Walikuwa wakipakwa mafuta ya kupikia kwenye majeraha. Matsushige alisimama kitambo bila kuweza kubonyeza. Baadaye alieleza kwamba machozi yalimziba alipokuwa akilenga picha. Siku nzima alipata picha tano tu.

Kufikia mwisho wa mwaka huo, inakadiriwa kuwa watu wapatao 140,000 walikuwa wamefariki kutokana na bomu lile. Lakini picha ya wingu ndiyo iliyotangulia kujulikana. Jarida la Life la Marekani lilizichapisha za Matsushige mwaka wa 1952, baada ya utawala wa kijeshi wa Marekani nchini Japani kumalizika. Kwa miaka saba, wengi ulimwenguni walilijua wingu bila kuzijua nyuso.

Sisemi picha za angani hazina faida. Ndizo hutusaidia kuchora ramani, na mafuriko yakitokea hutuonyesha yamefika wapi. Leo hii kijana anaweza kurusha droni na kupata picha ambayo askari wa 1945 angeshangaa kuiona. Hata hivyo, kadiri lenzi inavyopanda ndivyo binadamu anavyozidi kuwa nukta, na hatimaye nukta yenyewe hupotea.

Kwa hivyo, mzazi, watoto watakapokuonyesha kwenye simu picha ya mji uliopigwa vitani au kijiji kilichobomolewa, iliyopigwa kutoka juu, usiishie kusema "lo!" Waulize: milimita moja hapa ni mita ngapi? Na nani alikuwa amesimama ndani yake?