Urafiki na Msanii Si Picha

Vijana wenzangu, hebu tuambizane ukweli. Ukikaa barazani hapa Chake Chake, kila mtu ana msanii wake: huyu alipeana mkono na Bi Kidude kabla hajafariki 2013, yule kapiga picha na mwimbaji kwenye tamasha la Sauti za Busara, Unguja. Haya, alikwambia nini? Kimya!

Mimi rafiki yangu ni mzee mpiga udi. Tulijuana kwa bahati tu, bandarini Mkoani, tukingoja meli. Hajulikani hata Wete. Lakini ndiye aliyenionyesha, kwa nyuzi zake, kwa nini mshororo wa mizani 16 hukatwa 8 kwa 8: mwimbaji apate pumzi. Nimeliandika.

Urafiki na msanii ni deni, jamani. Kamange na Sarahani walifariki zamani, lakini kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba kilitoka 2011 kwa kuwa wapo waliozihifadhi tungo zao. Wangetosheka na kujisifu kuwa waliwajua, leo tungesoma nini?

Basi tuache majigambo. Tuwasikilize wazee wetu, kalamu mkononi, kabla hatujawazika pamoja na maneno yao.